Nilivyofundishwa Kuchomoa

Naandika haya kwa kijana aliyeko Kampala, Mwanza au Bukavu ambaye ameandika draiva yake ya kwanza, ameiona ikifanya kazi, na sasa anaamini amemaliza. Mimi nilikaa katika hali hiyo kwa miaka. Sikuwa mvivu, wala sikuidharau kazi. Nilikuwa sioni tu. Na walionifungua macho hawakuwa na deni lolote kwangu.

Nilisomea kompyuta hapa hapa Kampala, kisha nikapata kibarua katika karakana ndogo ya Wandegeya iliyotengeneza vifaa vya kupima joto la majokofu ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na baadhi yake zikiganda zimeharibika papo hapo, na kwa macho huwezi kujua. Kifaa chetu kilikuwa bodi ndogo yenye sensa, inayochomekwa kwa USB kwenye kompyuta ndogo ya Linux, nayo kompyuta ikituma vipimo ofisini kupitia laini ya simu. Jokofu moja, bodi moja. Draiva ya bodi hiyo niliiandika mimi, na niliona fahari kubwa, kwa sababu pale karakanani hakuna mwingine aliyekuwa amewahi kuandika kitu kinachoishi ndani ya kerneli.

Kuishi ndani ya kerneli kuna gharama yake. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo unaiua hiyo programu peke yake na wengine wanaendelea. Draiva haina ukuta wa namna hiyo. Iko chumba kimoja na kila kitu: mafaili, mtandao, ratiba ya kazi zote. Ikiandika pasipo pake, kinachoharibika kinaweza kuwa mali ya mwingine kabisa, na mashine ikaanguka baadaye mahali ambapo hapana uhusiano wowote na kosa lenyewe.

Draiva ya USB ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kifaa kikichomekwa, kerneli inaita funkisheni ya probe: hapo unaomba kumbukumbu, unaandaa sensa, unafungua njia ya programu kusoma. Kikichomolewa, inaita disconnect. Ile ya kuingia niliiandika kwa upendo, mistari mingi yenye maelezo. Ile ya kutoka niliiandika jioni moja kabla ya kwenda nyumbani, mistari michache, nikaona imetosha. Kumbukumbu nilikuwa nimeiomba kwa devm_kzalloc, sehemu ya utaratibu uitwao devres ambao Tejun Heo aliuingiza katika Linux mwaka 2007, unaorudisha wenyewe kila ulichoomba mara draiva inapoachana na kifaa. Nilisoma hilo nikafurahi. Nikajiambia kwamba usafi unafanywa na mwingine.

Sikujiuliza ni nani anayeweza kuwa bado anaitumia kumbukumbu hiyo wakati inarudishwa.

Vitabu nilivyosoma vilinipa picha ya kwamba kuchomoa ni jambo la nadra: mtu ananyoosha mkono, anavuta waya. Kwetu haikuwa hivyo. Kompyuta ilikuwa na betri, lakini hub ya USB ilikuwa na adapta yake ukutani. Umeme ukikatika, hub inazima na kompyuta inabaki macho. Kwa kerneli, hapo bodi zote zimechomolewa kwa mpigo. Umeme ukirudi, zimechomekwa upya. Kwenye vituo vyetu hilo lilitokea mara kwa mara, mchana na usiku, bila mkono wa mtu kugusa chochote. Mlango nilioudharau ndio uliokuwa unapitwa kuliko wote.

Na disconnect haiwezi kukataa. Huwezi kuiambia kerneli isubiri kwanza kuna mtu anasoma, maana kifaa kimeshakwenda. Unachoweza kufanya ni kupanga vizuri namna ya kuagana na waliobaki ndani. Mimi sikuwa nimepanga lolote. Programu yetu ya kukusanya vipimo ilikuwa imefungua bodi tangu asubuhi, na ndani ya faili lake lililo wazi mlikuwa na pointa inayoelekea kwenye kumbukumbu ya draiva. Bodi ikiondoka, devm inairudisha kumbukumbu ile. Pointa inabaki. Ni mpangaji wa Bwaise aliyekwisha kurudisha chumba lakini akabaki na ufunguo mfukoni: leo akiingia atakuta chumba kitupu, kesho atakuta kitanda cha mtu mwingine, na ufunguo hautamwambia tofauti.

Mashine zikaanza kuanguka, lakini si kila siku wala si kila kituo. Umeme ungeweza kukatika mara nyingi bila neno, kisha siku moja kompyuta ikaganda na kijana wa boda akatumwa kwenda kuizima na kuiwasha. Nililaumu hub. Nikaenda William Street kununua za bei ya juu zaidi. Nililaumu joto la chumba, nikalaumu kadi za kumbukumbu. Baadaye nikagundua kwamba nikiweka usingizi wa sekunde chache ndani ya disconnect kabla haijamaliza, maanguko yanapungua. Nikaongeza sekunde, yakapungua zaidi. Niliripoti kwa mkuu wangu kwamba tatizo limetatuliwa, na nilikuwa mkweli, kwa maana ya kwamba niliamini nilichosema.

Huo usingizi ndio ninaouhuzunikia kuliko yote. Dalili ilikuwa inaniambia wazi kwamba kuna kitu kingine kinakimbia sambamba na disconnect, na nikikipa muda kinamaliza. Badala ya kukitafuta, nilinunua muda.

Mwishoni mwa Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa nchini Uganda kwa ajili ya Korona, na boda hazikuruhusiwa kubeba abiria. Hakukuwa tena na wa kutumwa kuwasha mashine. Nikabaki nyumbani na simu, nikiwaelekeza wauguzi mmoja mmoja ni kitufe gani wabonyeze. Siku moja akanipigia muuguzi wa kituo chenye majokofu mawili.

“Ssebo,” akasema, “karatasi yangu inaonyesha jokofu la kwanza ni nyuzi 9. Mashine yako inasema 4. Jokofu la pili ni 4, mashine yako inasema 9. Niamini kipi?”

Nikamwambia, “Musawo, amini karatasi.” Alikuwa ameshaamini. Kila asubuhi na kila jioni alikuwa akisoma kipimajoto cha mkono na kuandika kwa kalamu, hata baada ya sisi kumletea kifaa kilichodaiwa kumpunguzia kazi hiyo. Chanjo za jokofu la kwanza alikuwa amekwisha kuzihamishia kwenye kasha lenye barafu kabla hajanipigia. Sikumfundisha hilo. Sikustahili kuokolewa na uangalifu wake, lakini niliokolewa, na watoto wa eneo lile waliokolewa kabla yangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Mashine inayoanguka inajitangaza. Hii haikuanguka. Ilikuwa imesimama, imetuma namba safi zinazoaminika, na namba hizo zilikuwa za jokofu jingine.

Kuna dada mmoja, mhandisi, aliyenitangulia chuoni na aliyekuwa akifanya kazi za kerneli kwa waajiri wa nje. Nilikuwa na namba yake kwa muda mrefu na sikuwahi kumpigia, kwa kuona haya. Safari hii nilipiga. Nilimweleza habari za majokofu kubadilishana, nikitarajia aulize kuhusu sensa. Akauliza swali moja: “Mdogo wangu, disconnect yako inafanya nini mtu akiwa bado amefungua faili?”

Nikanyamaza. Naye hakunicheka. Alisema niwashe laptopu yangu ya zamani kwa slub_debug, chaguo linaloifanya kerneli ijaze alama kwenye kila kipande cha kumbukumbu kinachorudishwa, kisha nisome bodi huku nikiichomoa. Alama hiyo ni baiti 6b ikijirudia. Nikafanya hivyo mezani kwangu, waya mkononi. Kabla ya kuchomoa, skrini ilisoma nyuzi 26, joto la chumba. Nikachomoa. Skrini ikasoma nyuzi 274.99, na ikaendelea kusoma 274.99.

Bodi yetu ilituma joto kwa sehemu za mia za nyuzi, katika baiti mbili. Baiti mbili za 6b zikisomwa kama namba ni 27499. Nilikuwa natazama kwa macho yangu kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, ikisomwa na programu yangu bila kizuizi chochote, na draiva yangu ikiipokeza kana kwamba ni joto.

Fumbo la majokofu mawili likafunguka lenyewe. Mgawaji wa kumbukumbu wa Linux mara nyingi hutoa kwanza nafasi iliyorudishwa mwisho, kwa kuwa bado iko karibu na prosesa. Umeme ulipokatika, nafasi ya bodi ya kwanza ilirudishwa, kisha ya pili. Uliporudi, bodi ya kwanza ilipewa nafasi iliyorudishwa mwisho, ile ya pili, na bodi ya pili ikapewa ile ya kwanza. Programu yetu haikujua kwamba kuna lililotokea. Ilishika pointa zake za zamani, na kwenye kila moja ikakuta bodi nyingine, hai, yenye namba sahihi za mahali pasipo sahihi.

Dada akaniambia nisiandike chochote kwanza. Nisome usb-skeleton.c, draiva ya mfano inayokaa ndani ya chimbuko la Linux lenyewe, kazi ya Greg Kroah-Hartman. Ilikuwa kwenye diski yangu miaka yote hiyo. Niliisoma polepole, na kila nilichokosa kilikuwa mle. Kuna hesabu ya washikaji: kila anayefungua faili anaongeza moja, anayefunga anapunguza, na kumbukumbu inarudishwa na yule wa mwisho kuachia, awe yeyote. Disconnect haifuti kumbukumbu. Inapunguza hesabu yake tu na kuondoka. Kuna bendera inayosema kifaa kimeondoka, inayowekwa chini ya kufuli. Na kila msomaji anachukua kufuli hiyo hiyo, anaitazama bendera kwanza, na akikuta imepandishwa anarudishiwa kosa lisemalo kifaa hakipo. Draiva yangu haikuwa na hesabu, bendera wala kufuli.

Nikaacha devm kwa kumbukumbu ile na kuweka hesabu ya washikaji. 274.99 ikatoweka, mahali pake programu ilipata kosa, nayo nikaifundisha kufunga faili na kuitafuta bodi upya kwa namba yake ya kiwandani badala ya mpangilio wa kuchomekwa. Nilifurahi mno. Kisha mashine ikaanguka.

Hapa ndipo ningependa msomaji asikate tamaa mapema, maana mimi karibu nikate. Nilidhani nimepona, kumbe nilikuwa nimepona nusu. Vizuizi vilipolegezwa, dada alikubali tukutane Wandegeya jioni, baada ya kazi zake. Tulikula rolex, ile chapati ya mayai, tukafungua laptopu. Alikuwa ameniambia nijenge kerneli yenye KASAN, chombo ambacho Andrey Ryabinin alikiingiza katika Linux 4.0 mwaka 2015. KASAN inatenga sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote kuwa daftari la kuandikia ni baiti zipi zinaruhusiwa kuguswa, na kipande kikirudishwa haikigawi upya haraka. Inakiweka karantini ili mwenye ufunguo wa zamani akija akamatwe. Tulichomoa waya. Ripoti ikajaa skrini. Alinionyesha kwa kidole sehemu tatu za kusoma: nani amegusa sasa, nani aliiomba kumbukumbu hii hapo mwanzo, na nani aliirudisha. Aliyegusa alikuwa kazi ya nyuma niliyoiandika mimi, ile inayoamka kila baada ya sekunde chache kuiuliza bodi joto lake na kujipanga tena kwenye ratiba. Yeye hakufungua faili lolote. Hakuwa kwenye hesabu ya washikaji. Nilikuwa nimemsahau, na ndiye aliyekuwa akiangusha mashine tangu mwanzo. Usingizi wangu wa sekunde chache ulikuwa ukimpa nafasi ya kuamka, kukosa jibu kutoka kwa bodi iliyoondoka, na kuacha kujipanga. Siku usingizi usipotosha, alikuwa akiamka ndani ya kumbukumbu ya mtu.

Nikaongeza amri ya kuifuta kazi hiyo na kusubiri imalize. Mashine haikuanguka tena. Safari hii USB yote iliganda. Disconnect yangu ilikuwa imeshika kufuli huku inaisubiri kazi imalize, nayo kazi ilikuwa inaisubiri kufuli hiyo hiyo. Dada alitazama kidogo, akasema, “Sasa unakosea makosa ya wanaofikiri.” Nililishika neno hilo. Tukapanga utaratibu kwa kalamu: kwanza funga mlango wa wapya, kisha pandisha bendera chini ya kufuli na uachie kufuli, kisha simamisha kazi za nyuma na maombi yaliyo njiani ukisubiri kila moja, kisha waamshe waliolala wakingoja data, na mwisho kabisa punguza hesabu yako.

Hakunitoza hata shilingi. Nilipomuuliza nitamlipaje, alisema kuna mtu alimkalisha hivyo hivyo.

Baadaye nilijifunza kwamba upofu wangu haukuwa wa Wandegeya peke yake. Mwaka 2017 Andrey Konovalov wa Google alitangaza udhaifu 14 katika draiva za USB za Linux, alioupata kwa kutumia syzkaller, programu inayojifanya kifaa kibovu na kujichomeka na kujichomoa bila kuchoka. Baadhi yake ulikuwa wa kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Hizo ni draiva zilizopitiwa na macho mengi kuliko yangu. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Linux Plumbers mjini Dublin, Laurent Pinchart alisimama kusema kwamba devm_kzalloc ina madhara, kwa sababu ile ile: inafunga uhai wa kumbukumbu kwenye uhai wa kifaa, wakati walioshika mafaili wanaweza kuishi zaidi ya kifaa. Mwaka uliofuata Bartosz Golaszewski akajibu kwamba devres isilaumiwe, kwamba kasoro ni ya mifumo midogo isiyojua kutenganisha kilicho cha kifaa na kilicho cha watumiaji. Nimewasikiliza wote wawili. Mimi naegemea kwa Golaszewski, kwa ushahidi wa maisha yangu: devm ilifanya kile hasa ilichoahidi. Ahadi niliyoisikia mimi haikuwa imetolewa na mtu.

Tangu Linux 6.1 ya Desemba 2022, lugha ya Rust imeingia katika kerneli, na leo ndani yake kuna njia ya kukishika kifaa kwa namna ambayo kikiondoka ushikaji wako unabatilika, na kompaila haikubali uguse bila kuangalia kwanza. Ningekuwa naanza leo ningeanzia huko. Lakini bodi zilizo vituoni zinaendeshwa kwa C, na zitaendeshwa kwa C kwa muda mrefu, kwa hiyo kazi yetu ya kuandika mlango wa kutokea haijaondolewa.

Draiva ile ingali inatumika. Sehemu yake ya kutoka sasa ni ndefu kuliko ya kuingia, na kabla toleo lolote halijatoka karakanani, skripti inakaa usiku kucha ikiitenganisha draiva na bodi na kuiunganisha tena kupitia sysfs, huku programu kadhaa zikisoma kwa pamoja na KASAN ikiwa macho. Mashine ikiganda asubuhi, toleo haliendi. Wauguzi nimewaomba waendelee na karatasi, na mkuu wangu aliponiuliza kwa nini tunauza kifaa halafu tunawaambia watu waandike kwa kalamu, nilimweleza habari ya nyuzi 9 na 4. Hakuuliza tena.

Ndugu yangu, kama unayo draiva uliyoiandika, ifungue leo na uisome kuanzia disconnect. Orodhesha kila aliyeshika pointa: mafaili yaliyo wazi, saa za ndani, kazi za nyuma, maombi ya USB yaliyo njiani. Jenga kerneli yenye KASAN, isome bodi kwa programu mbili, na uchomoe waya wakati programu zote mbili zinasoma. Ikianguka, usiongeze usingizi, soma ripoti. Na kama kuna mtu mwenye kujua ambaye namba yake unayo na unaona haya kumpigia, mpigie kabla hujakipeleka kifaa kituoni.